Mabakuli yaliyopasuka kitakoni: kisa cha oda moja ya Dagoretti Corner

Oda yenyewe haikuwa kubwa: mabakuli 60 ya supu kwa mkahawa mmoja wa Kilimani, kila moja lenye upana wa sentimita 15 mdomoni likishachomwa, yapangike moja ndani ya jingine, nje hudhurungi na ndani meupe. Mteja alilipa nusu ya pesa mapema na kutaka mzigo wake kabla ya Pasaka. Karakana iko Dagoretti Corner, Nairobi, banda la mabati lenye magurudumu mawili ya kufinyangia na tanuri moja, vyote vya stima. Mwenyewe ni mama ambaye amekaa na udongo miaka mingi kuliko wengi wanaompa ushauri, na amemwajiri kijana mmoja wa kumfinyangia. Mama aliponipigia simu hakuniita kutazama mabakuli. Aliniita nimsaidie kuandika barua ya kumkatalia mwuza udongo malipo yake.

Barua hiyo haikuandikwa. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ufa wa kitakoni si wa karakana ile peke yake, na kila unapotokea lawama huanzia kwa mwuza udongo.

Mambo yalikwenda hivi. Mzigo wa kwanza wa tanuri ulipofunguliwa, karibu thuluthi ya mabakuli yalikuwa na ufa katikati ya kitako. Ufa mmoja kwa kila bakuli, urefu wa kidole gumba au pungufu, umejikunja kama herufi S. Mwingine ulikuwa umeishia juu juu, mwingine ulipenya hadi upande wa pili. Kuta safi, mdomo safi, gleizi, yaani ule utando wa kioo unaopakwa juu ya chombo, imeiva vizuri. Mama akahukumu papo hapo kwamba udongo umechanganywa na mchanga. Akaenda kwa mwuzaji mwingine, akanunua magunia ya udongo wa bei ya juu, kijana akarudia kazi. Mzigo wa pili ukatoka na ufa uleule, mahali palepale.

Hapo kila mtu akawa na maelezo yake. Kijana akasema ni stima, maana usiku wa mchomo wa pili ilipotea, tanuri likazimika na kuwashwa tena. Mama akasema wauza udongo wote wananunua kutoka shimo moja. Jirani anayeuza miche na maua kando ya Barabara ya Ngong akasema udongo hauna mnato wa kutosha, na kwa wema wake akaleta gunia la udongo mweusi kutoka kwenye msingi wa nyumba ya shemeji yake huko Embakasi.

Nianze na jirani kwa sababu yeye ndiye rahisi. Ule udongo mweusi wa Embakasi, unaong'ang'ania gumbuti mvua ikinyesha, una mnato kweli, na mnato huo ndio balaa lake. Chembe zake hunyonya maji hadi katikati ya matabaka yake, zikavimba, na jua likiwaka zinasinyaa kupita kiasi. Ndiyo maana kuta za nyumba za upande ule hupasuka, na mjenzi anayejua kazi huuchimba wote akautupa kabla ya kumwaga zege. Ukiutia kwenye udongo wa bakuli unaongeza usinyaaji, na usinyaaji ndio tuliokuwa tukipambana nao. Gunia lilirudishwa kwa shukrani.

Sasa moto. Ufa una mengi ya kusema kwa anayeutazama bila haraka. Chukua bakuli lililopasuka, lisogeze kwenye mwanga, upitishe ukucha juu ya ufa. Kama gleizi imekatika kwa ncha kali na ukucha unakwaruzwa, bakuli lilipasuka likipoa, gleizi ikiwa imeshaganda. Kama gleizi imejikunja na kuingia ndani, kingo za ufa zimeviringika, basi ufa ulikuwapo kabla gleizi haijayeyuka. Mabakuli yote ya mama yalikuwa ya aina ya pili. Katika mawili matatu gleizi ilikuwa imeujaza ufa kabisa, ukabaki mstari mweupe uliobonyea kidogo.

Hilo liliondoa upoaji. Nyuzi 573 za Selsiasi zinaogopwa kwa haki: hapo madini ya kwazi yaliyo ndani ya udongo hubadilika ghafla, yakatanuka tanuri likipanda na kunywea likishuka, na anayefungua mlango mapema kwa hamu ya kuona kazi yake hulipia hamu hiyo. Lakini ufa wa namna hiyo kwa kawaida ni mrefu na msafi, mara nyingi unaanzia mdomoni, na mara nyingine hukata chombo vipande viwili. Haujikunji kuwa S katikati ya kitako.

Mvuke nao una alama zake. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, si 100. Anayefuata maelekezo yaliyoandikwa na watu wa nchi za chini, akalishikilia tanuri kwenye nyuzi 95 ili udongo umalize kukauka, anauchemsha bila kujua. Ni salama zaidi kushikilia 80 hadi 85. Hata hivyo mvuke uliokosa njia hulipua. Unafungua tanuri unakuta vigae vimetapakaa kwenye rafu na kitako kimebanduka. Kwa mama hapakuwa na kilicholipuka.

Na stima? Tanuri likizimika huku limefungwa hupoa polepole, na likiwashwa hupanda tena. Gleizi inaweza kukosa kuiva, lakini kitako hakijikunji S kwa sababu hiyo. Isitoshe, stima ilipotea katika mzigo wa pili, na ufa ulianza katika wa kwanza. Kijana alilikubali hilo kabla sijamaliza sentensi.

Ushahidi uliofunga mjadala wa moto ulitoka kwenye mabakuli yaliyochomwa mara moja tu, ambayo yalikuwa yakisubiri gleizi. Mama aliyashika moja moja kwa vidole chini ya kitako na kuyagonga kwa kifundo cha kidole, namna watu wanavyogonga chungu sokoni kabla ya kutoa pesa. Bakuli zima hulia, na sauti hubaki hewani kidogo. Lenye ufa hujibu "tap" na kunyamaza. Yaliyonyamaza tuliyapaka maji ndani kwa brashi. Udongo wa mchomo wa kwanza hunywa maji upesi ukarudia rangi yake, ila penye ufa maji hubaki, na pale ukaonekana uzi mweusi mwembamba kuliko unywele, umejikunja vilevile. Kisha tukaenda kwenye rafu ya kukaushia, kwa mabakuli ambayo hayajaona moto kabisa. Tukamulika kwa simu kutoka ubavuni ili kivuli kionekane. S ilikuwapo.

Kwa hiyo tanuri lilikuwa likifungua tu ufa uliozaliwa mapema. Udongo ukichomwa husinyaa tena, na ufa wa unywele huachama.

Ukabaki udongo wenyewe, na hapa mama alikuwa na jibu rafuni mwake bila kujua. Kati ya mizigo ya mabakuli alikuwa amefinyanga vikombe kwa mkono wake, kutoka gunia lilelile alilolilaani. Hakuna hata kikombe kimoja kilichokuwa na ufa. Tukapima pia usinyaaji: unatandaza kibao cha udongo, unachora mstari wa sentimita 10, unachoma, unapima tena. Udongo wa kwanza na wa pili walitofautiana kidogo mno, wote karibu asilimia 12, na udongo wa moto mkali kwa kawaida huwa kati ya asilimia 10 na 13. Asilimia 12 kwa urefu inaonekana ndogo hadi uipigie hesabu ya ujazo: bakuli linapoteza karibu thuluthi ya ukubwa wake wote. Ili upate sentimita 15 lazima ufinyange 17. Chombo chochote kinachosafiri umbali huo kinahitaji sehemu zake zote zisafiri pamoja.

Nikamwomba kijana aketi kwenye gurudumu.

Ana mikono mizuri, nisidanganye. Udongo unamtii, kuta zake ni nyembamba na mdomo hautikisiki. Zamani alifinyanga donge kwa donge: anapima gramu 600, anakanda, anabandika juu ya sahani ya gurudumu, anaweka katikati, anafungua, anapandisha ukuta, anakata. Oda ilipokuja na tarehe yake alibadili mtindo. Alikuwa ameona video za mafundi wa Japani wanaoweka lundo la kilo kadhaa, wakaweka katikati kilele chake tu, wakafinyanga chombo, wakakikata kwa uzi na kuendelea na kinachobaki. Hakuna kupima, hakuna kubandika upya kila mara. Ni mtindo wa kweli na wa zamani, na kwa vikombe vidogo sijaona unaoushinda kwa kasi. Mama hakuona ubaya. Mbao zilikuwa zinajaa, na yeye alikuwa na tarehe kichwani.

Nilimwuliza, "Kitako unakibana saa ngapi?"

"Kitako kinajibana chenyewe, fundi. Si udongo mwingi uko chini yake?"

Sentensi hiyo ndiyo kisa chote. Udongo ulio chini ya kitako, katika mtindo wa lundo, ni udongo laini. Ukiukandamiza unakwepa. Donge lililobandikwa kwenye sahani ya chuma halina pa kukwepea: kila unapobonyeza kwa vidole unalibana dhidi ya chuma, kwa hiyo hata fundi mzembe hupata kitako kilichobanwa kiasi bila kukusudia. Kijana alikuwa amezoea kulipwa bure na chuma, akaenda mahali ambapo chuma hakipo.

Tatizo la pili lilijificha ndani ya lile la kwanza. Kwenye donge, ukitaka kujua unene wa kitako unachoma sindano katikati hadi igonge sahani, unasoma kina. Kwenye lundo sindano inazama tu, haina cha kugonga. Kijana alikuwa akikisia, na kwa kuwa anaogopa kutoboa, alikisia kwa upande wa unene. Tulikata bakuli bichi katikati kwa waya, kuanzia mdomoni hadi chini, tukalilaza mezani. Ukuta: milimita 5, sawa kutoka juu hadi karibu na chini, kazi safi kabisa. Kitako: 13. Na juu ya kitako palikuwa na maji yaliyotuama, kijiko kizima, na udongo uliokuwa chini ya maji hayo ulikuwa umerudi kuwa uji hadi karibu nusu ya unene. Mama aliuchota kwa ncha ya kisu, akautazama, akamtazama kijana, hakusema kitu.

Ili kuelewa kwa nini ufa unachukua umbo la S, inabidi kushuka hadi kwenye chembe. Udongo wa mfinyanzi ni vibamba vyembamba mno, vingi havifiki sehemu 2 kwa 1,000 za milimita kwa upana, na kati yao kuna maji. Mkono ukibana, vibamba hulala sambamba na kukaribiana, na maji ya ziada hutoka. Ukuta wa bakuli hubanwa kati ya vidole kila unapopandishwa. Kitako hakipandishwi. Zaidi ya hapo, wakati wa kuweka udongo katikati unaupandisha juu na kuushusha huku unazunguka, na udongo wa katikati hujisokota. Sehemu hiyo iliyosokotwa ndiyo hugeuka kitako. Usipoibana inabaki legevu, yenye maji mengi kuliko jirani zake, na ina msokoto ndani yake. Ikija kuvutwa, itachanika kwa kufuata msokoto huo.

Inavutwa na nini? Na kukauka. Udongo husinyaa pale tu maji yaliyo kati ya vibamba yanapoondoka. Vibamba vikishagusana usinyaaji unakaribia kukoma, rangi inaanza kufifia, na maji yanayobaki hutoka bila chombo kubadilika kwa kiasi cha maana. Mdomo wa bakuli ni mwembamba na unapigwa na hewa ndani na nje, kwa hiyo unafika mapema. Ukishakuwa mweupe umekuwa pete ngumu isiyosogea. Kitako, kinene mara mbili na nusu na kilichokunywa maji, ndiyo kwanza kinaanza kusinyaa, na kimefungwa ndani ya pete hiyo. Hakiwezi kuivuta pete, kwa hiyo kinajichana chenyewe.

Ndiyo maana sikubaliani na usemi kwamba jua ndilo linalopasua vyombo. Jua halina neno. Chombo kikikauka haraka lakini pote kwa pamoja hutoka salama mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kikikauka polepole lakini upande mmoja, kitapasuka polepole. Kinachopaswa kuogopwa ni tofauti kati ya mdomo na kitako, na rafu ya mama ilikuwa imejengwa kana kwamba ni kwa ajili ya kuikuza tofauti hiyo. Iko kando ya mlango. Ilikuwa Februari, anga kavu, upepo wa mchana unapita kutoka mlangoni hadi dirishani. Mabakuli yalikaa wima juu ya mbao za kabati kuukuu zenye vanishi. Juu ya vanishi kitako hakipumui na hakitelezi. Bakuli la sentimita 17 likikauka linapungua upana kwa sentimita moja au zaidi. Likiwa limeshikwa chini, kitako kinavutika hadi kuchanika. Kingekuwa kisa cha Julai, mawingu yamelala juu ya jiji siku nzima na baridi inaingia hadi kwenye mifupa, mabakuli yaleyale yangekauka kwa utulivu na mengi yangepona. Mama angeendelea kuamini kitako hakina haja ya kubanwa.

Sikutaka tumalizie kwa nadharia, kwa sababu mama amesikia nadharia nyingi. Tukagawanya kazi makundi manne: lundo bila kubana, lundo na kubana, donge bila kubana, donge na kubana. Nusu ya kila kundi iliachwa kwenye rafu ya mlangoni kama zamani, nusu ikafunikwa na kupinduliwa. Udongo ulikuwa wa gunia la kwanza, lile lililolaaniwa. Lundo bila kubana lilipasuka hata pale lilipofunikwa, ingawa kidogo zaidi kuliko la mlangoni. Donge lililobanwa na kufunikwa lilitoka safi lote. Makundi ya katikati ndiyo yaliyonifundisha uzito wa kila jambo: lililobanwa likaachwa kwenye upepo lilipasuka mojamoja tu, wakati lisilobanwa likatunzwa kama mtoto lilipasuka zaidi ya hapo. Kwa mabakuli, basi, naweka kubana mbele ya kukausha. Najua kuna mafundi wanaoapa kwa kukausha peke yake, na wengi wao hufinyanga donge kwa donge juu ya chuma.

Mtu akishajua hivyo, kazi yenyewe ni ndogo. Ukishafungua donge, kabla hujapandisha ukuta, weka ncha za vidole vitatu katikati na ubane ukienda nje, kisha urudi katikati, gurudumu likienda taratibu. Rudia hadi uhisi udongo chini ya vidole umekaza. Bakuli halina kona ndani, kwa hiyo malizia kwa kibao kilichopinda, cha mbao au mpira, kinachofuata mviringo kutoka kitakoni hadi ukutani. Ukimaliza ukuta, sponji iingie kuondoa maji yote, hata yale unayodhani hayana madhara. Ubane mara nyingine kabla ya kukata. Kama utachonga kitako, acha milimita 8 au 9 na uchonge udongo ukishashikamana lakini bado mbichi, hadi kitako kikaribie unene wa ukuta. Anayeng'ang'ania lundo afanye kazi moja ya ziada: akishakata na chombo kikashikamana, akipindue na kukibana kitako kutoka nje kwa mgongo wa kijiko cha mbao. Si sawa na chuma, lakini inasaidia.

Kukausha, gharama yake ni karibu sufuri. Mdomo ukiweza kubeba uzito, pindua bakuli, kitako kiangalie juu kipate hewa na mdomo upumzike chini. Badala ya mbao za vanishi, weka vipande vyembamba vya mbao mbichi vyenye nafasi kati yake, au tandika gazeti, ambalo huachia bakuli liteleze. Funika. Wengi tulizoea mifuko ya plastiki iliyokuja bure na kila kitu, hadi ilipopigwa marufuku Agosti 2017, na nasikia bado kuna wanaolalamika. Nailoni nzito inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya hadwea hufanya kazi bora kuliko mifuko ile, na hudumu.

Kuziba ufa, la. Mama alikuwa amejaribu kwa uji wa udongo uliotiwa siki, dawa inayojulikana na kila mtu, na inayofaa kwa mkono wa kikombe. Kwa ufa wa kitako uji huo nao husinyaa, na kusinyaa kwake ni kukubwa kuliko kwa bakuli lililokauka tayari, kwa hiyo unafunguka palepale. Na bakuli la supu lenye ufa uliojaa gleizi nusu halifai kuuzwa hata kwa bei ya chini: mafuta na mabaki hukaa humo ambapo sabuni haifiki.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitaja karakanani kwa kuwa lingeonekana ni kuhubiri. Wanawake waliofinyanga vyungu vya nchi hii hawakuwa na gurudumu, na ufa wa S haukuwa shida yao. Wafinyanzi wa Kikuyu wa zamani walijenga nusu ya juu ya chungu kwanza, wakaiacha ikaze, wakaipindua na kumalizia kitako mwishoni, kwa kuunganisha na kupigapiga. Kitako chenyewe kilikuwa cha mviringo, cha kukaa juu ya mafiga, bila sakafu bapa ya kujichana. Hata Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyungu vyake vinakaa katika makumbusho makubwa duniani, hujenga kwa mikono na kung'arisha kwa kusugua. Sisi tulipolichukua gurudumu tulipata kasi na usawa, na pamoja navyo tukapata kitako bapa kinachohitaji kubanwa.

Kuhusu kasi, mama aliniomba nimpigie hesabu kwa sababu ya kijana, ambaye bado aliona kurudi kwenye donge ni kurudi nyuma. Lundo lilimwokolea dakika moja, mbili kwa kila bakuli. Kila bakuli lililopasuka lilikuwa limekula udongo, gleizi, michomo miwili ya stima na nafasi kwenye rafu ya tanuri ambayo bakuli zima lingekaa. Sikuhitaji kumaliza hesabu. Alichosema kijana ni kwamba angeambiwa mapema angebana, na hilo ni kweli. Video alizotazama zinaonyesha mikono kutoka juu. Shinikizo halionekani kwenye video.

Yaliyopasuka jirani wa miche aliyanunua kwa bei ya kutupa. Anapanda ndani yake mimea ya jangwani, na ufa unamtolea maji vizuri kuliko tundu la kutoboa. Moja mama alilibakiza, analitumia kula githeri mchana, na mtu akimwuliza husema mfinyanzi hulia gaeni.

Mteja alipokea mabakuli 40 kabla ya Pasaka na yaliyobaki baadaye, baada ya kuomba apunguziwe bei na kupunguziwa. Mwuza udongo wa kwanza alilipwa deni lake lote kwa simu, pamoja na ujumbe ambao mama alikataa kunionyesha. Udongo wa pili, ule wa bei ya juu, umebaki kwenye pipa na kijana anautumia kwa vikombe vya kahawa, na vikombe hivyo ameruhusiwa kuvifinyanga kutoka kwenye lundo. Mama ameweka sharti moja: kila ubao ukijaa, kikombe kimoja kinakatwa katikati kwa waya mbele yake. Anakichagua yeye.